Silikoni ya bati: kwanini gata imezibwa jana na leo inavuja tena

Ingia hadiwea yoyote hapa Dodoma, iwe Majengo mjini au kule Nkuhungu, sema naomba silikoni ya kuziba bati, swali utakaloulizwa ni moja tu: nyeupe, nyeusi, au ile ya kuona ndani? Basi. Hakuna anayekuuliza bati lako ni la zinki au la rangi, gata yako ni ya bati au ya plastiki, maji yake unakunywa au unamwagia maua. Na wewe huulizi kitu, unalipa, unampa fundi, fundi anapanda ngazi, anapaka, anashuka, mnapeana mikono. Mimi ni fundi bati na nimepaka rangi zote tatu kwa miaka kadhaa kabla sijajua kwamba rangi ndo kitu cha mwisho kabisa cha kuangalia kwenye ile tyubu.

Shida inaanzia kwenye jina. Sisi kila kinachotoka kwa bunduki kutoka kwenye tyubu ya plastiki tunakiita silikoni, sasa ukweli ni kwamba ndani ya zile tyubu zinazofanana kama mapacha kuna vitu kama vitano tofauti kabisa, vingine si silikoni hata kidogo, na kati ya hizo silikoni zenyewe kuna mbili ambazo moja ni rafiki wa bati na nyingine ni adui yake.

Nianze na adui maana huyu nimemfuga mwenyewe.

Kuna mama mmoja wa Nzuguni nilimfungia gata za kukunja, zile za flati shiti ya zinki tunazikata na kuzikunja wenyewe. Flati shiti ina urefu wa mita 2.4 hivi kwa hiyo upande wa nyumba wa mita 11 unakuwa na maungio manne, na kila ungio nikalipaka silikoni ya kuona ndani, ile yenye harufu kali ya siki, si unaijua, ukiifungua tu macho yanawasha kama umekaa karibu na mtu anatengeneza achari. Ilikuwa Novemba. Mvua za Desemba zikapiga, kavu kabisa, mama akanisifia mpaka kwa majirani. Aprili nikapigiwa simu. "Mwanangu, njoo uone gata yako." Nikajua hapo kuna jambo, maana siku ananisifia ilikuwa gata yake.

Nilipanda na kisu. Nikaingiza ncha pembeni mwa ule mstari wa silikoni nikavuta, ikatoka yote nzima nzima kama ganda la ndizi, haijapasuka wala haijakauka, yenyewe ilikuwa bado nzuri tu na inavutika. Ila chini yake, pale ilipokuwa imeshika bati, kulikuwa na unga mweupe. Unafuta kwa kidole unabaki kwenye kidole kama chaki. Ule unga ni zinki iliyoliwa. Ile harufu ya siki si manukato, ni asidi ya siki kweli kweli inayotoka wakati silikoni inakauka, na zinki na asidi haziivi chungu kimoja, asidi inakula zinki, silikoni inabaki imeshikilia unga badala ya bati, na unga haushiki kitu. Maji yanapita chini taratibu. Halafu pale zinki ilipoisha kutu inaanza, na hapo tena si suala la kuziba, ni suala la kubadili kipande.

Silikoni hiyo haina ubaya kwenye kazi yake, kwenye kioo, kwenye aluminiamu ya madirisha iliyopakwa rangi vizuri, kwenye sinki la vigae, inashika vizuri na ni bei rahisi ndo maana imejaa madukani. Lakini kwenye bati la zinki, kwenye bati la aluzinki (lile ambalo ngozi yake ni aluminiamu asilimia 55 na zinki 43 na kidogo), kwenye shaba, na hata kwenye zege na lipu, iache dukani. Kuijua ni rahisi. Soma mgongo wa tyubu, ukiona neno acetic au acetoxy rudisha. Ukikuta neutral hiyo ndo ya bati, wengine wanaandika oxime au alkoxy, zote hizo ziko upande wa neutral. Na kama maandishi yamefutika au yameandikwa kichina kitupu, mwombe muuzaji akukatie mdomo unuse, akikataa nenda duka la pili. Neutral nayo ina harufu yake, ila siyo siki.

Hiyo neutral ndo farasi wa kazi kwenye mabati. Jua halimtishi, na jua la Dodoma mnalijua, miezi kuanzia Mei mpaka Novemba mbingu iko wazi siku baada ya siku hakuna wingu la kukupa hata kivuli cha kofia. Silikoni inavumilia hilo kuliko karibu kila kitu kingine kwenye rafu. Inabaki kama raba, inavutika na kurudi. Ubaya wake ni miwili na ujue mapema. Haipakiki rangi, ukipaka inabanduka kama magamba. Na hakuna kitu kinachoshika juu ya silikoni ya zamani, hata silikoni mpya haishiki vizuri, kwa hiyo wale wanaokuja kila mwaka kuongeza mstari juu ya mstari wanajenga keki tu, maji yanapita kwenye tabaka la chini lile lile la kwanza. Lazima ukwangue yote mpaka bati tupu.

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mafundi wengi hatufundishwi, bati linatembea. Chuma kinarefuka kwa milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Inaonekana ni kitu kidogo cha kupuuza ila piga hesabu na mimi. Bati la mita 6, alfajiri ya Julai hapa kwetu liko kwenye nyuzi 13 au 14, saa saba mchana bati hilo hilo hasa la rangi ya giza linaweza kupita nyuzi 60. Tofauti ni karibu nyuzi 50. Sita mara hamsini mara 0.012 unapata milimita 3.6. Yaani kila siku iendayo kwa Mungu ncha ya bati lako inaenda mbele na kurudi nyuma karibu milimita nne, na usiku ukikaa kimya unasikia kabisa paa linalia tak, tak, watu wanasema ni paka au mambo mengine, ni bati linarudi nyumbani.

Ndo maana kwenye tyubu nzuri utakuta namba, 25 mara nyingi, wakati mwingine 25LM (laini, inavutika kirahisi) au 25HM (ngumu zaidi). Hiyo 25 maana yake ule mstari unaweza kuvutwa au kubanwa robo ya upana wake bila kuchanika. Mstari wa upana wa milimita 6 unavumilia milimita moja na nusu. Sasa we umepaka kwa kidole, umesambaza kama siagi kwenye mkate, unene wa karatasi, upenyo wa chini ni milimita moja, bati linatembea milimita mbili, unategemea nini? Itachanika, na itachanika hata kama ni ya bei mbaya kuliko zote. Ukikuta 7.5 au huoni namba kabisa na jina ni akiriliki, hiyo ni ya nyufa za ndani kabla ya kupaka rangi, usiipandishe juu.

Kutokana na hapo unapata sheria ambayo mi naiona ni kubwa kuliko kuchagua tyubu: kinachoshika bati ni skrubu na riveti, silikoni kazi yake ni kuzuia maji tu. Ungio la gata linapishanishwa, kipande cha juu kinaingia ndani ya kile cha chini kufuata maji yanakoelekea (nimeona yamegeuzwa, maji yanaingia kwenye mdomo wa ungio kama mkono kwenye mfuko), kati yao unapiga mistari miwili ya silikoni kabla ya kubana, halafu riveti. Ukifanya hivyo vipande viwili vinatembea pamoja kama kitu kimoja na silikoni haivutwi. Wengi tunafanya kinyume, tunapiga riveti kwanza halafu tunapaka juu, kwa nje, kama lipustiki. Inapendeza siku ya kukabidhi kazi.

Tyubu moja ya mililita 300 ukikata mdomo upate mstari wa milimita 6 inakupa kama mita 10 na nusu. Kwa ile gata ya mama maungio manne yenye mzunguko wa sentimita 40 hivi kila moja, mistari miwili miwili, ni mita 3 na kidogo. Tyubu moja inatosha upande mzima na inabaki ya vifuniko vya mwisho. Kwa hiyo tofauti ya bei kati ya ya siki na neutral ambayo watu wanaikimbia, ukiigawa kwa nyumba nzima ni nauli ya bodaboda tu.

Gata za plastiki ni mambo mengine kabisa na hapa nitapita haraka. Plastiki ya PVC inarefuka karibu mara sita ya chuma. Kipande cha mita 6 joto likipanda nyuzi 30 tu kinarefuka kama milimita 12. Hakuna silikoni itakayovumilia hiyo. Zile gata zina raba zake ndani ya viungio na alama ya mwisho wa kuingiza, acha ile nafasi, usisukume mpaka ukutane na ukuta wa kiungio, na usipake kitu. Zikivuja badilisha raba.

Turudi kwenye rafu. Kuna lami, ya kopo au ile tepu yenye karatasi ya kung'aa juu. Watu wa hapa wanaipenda maana unaipaka popote na inaziba hapo hapo. Tepu nzuri ikipigwa kwenye sehemu ndogo inasaidia msimu au miwili. Lakini lami ya kopo juu ya bati Dodoma, sikushauri. Mchana inalainika, jua likiendelea inakauka inapasuka vipande kama udongo wa bwawa lililokauka, na maji yanayopita juu ya lami iliyochomwa na jua yanakuwa na uasidi unaokula zinki chini yake huko. Kama maji yanaenda kwenye tanki la kunywa ladha utaijua mwenyewe.

Kuna poliyuretani, wengi wanaijua kwa herufi zake mbili tu, PU. Hii inashika kama haina akili, zege, mbao, bati, na unaweza kuipaka rangi. Ila ikiachwa uchi juani inageuka njano kisha juu yake inakuwa unga unga. Mi naitumia sehemu iliyofunikwa, au sehemu ambayo nitapaka rangi juu. Na kuna hizi za mchanganyiko, kwenye tyubu zimeandikwa MS au hybrid, zinakaa katikati ya silikoni na PU, zinapakika rangi, zinavumilia jua vizuri, nyingi zinashika bila praima (ile ya kupaka kwanza ili dawa ya kuziba ishike). Ni ghali kuliko neutral. Kwa gata ya kawaida sioni haja. Kwa sehemu moja tu naona ni halali ya hela yake, na sehemu hiyo ni zile nyumba za paa la kuficha.

Jamani hizi nyumba. Toka serikali ihamie huku, Iyumbu, Ilazo, Kisasa, kila kiwanja cha tatu ni nyumba yenye kuta zimepanda juu paa halionekani, nzuri, inapigwa picha, lakini maji yote yanaangukia kwenye mfereji ulioko nyuma ya ule ukuta na yakikosa pa kutoka yanaingia sebuleni. Pale bati linapokutana na ukuta ndo kaburi la silikoni. Upande mmoja chuma kinachotembea, upande wa pili lipu ya vumbi isiyotembea na inayonyonya maji. Fundi anakunja kipande cha bati, anakiegemeza ukutani, anapiga misumari, anapaka mstari juu. Mwaka wa kwanza mstari unaachana na lipu, si kwa sababu dawa ni mbaya, ni kwa sababu ilishika vumbi la lipu na vumbi likatoka nalo.

Pale dawa iwe ya mwisho. Kwanza unakata mfereji ukutani kwa grainda, kina kama sentimita 2 au 2 na nusu, unalikunja lile bati la ukutani liingie ndani ya mfereji, likibana lenyewe, hapo hata bila dawa maji yanayoteremka ukutani yanadondokea juu ya bati badala ya kupita nyuma yake. Halafu unapiga brashi vumbi lote, unapaka praima kwenye lipu kama mtengenezaji amesema, ndo unajaza PU au hiyo ya MS na unaifunika na rangi ya ukuta. Na lile bati la ukutani usiligongomee na bati la paa, liachie lilale juu tu, ili paa likitembea lisiuvute ukuta. Usijaze saruji kwenye huo mfereji. Saruji mbichi inakula zinki na aluminiamu, na ikikauka haivutiki hata unywele.

Kwenye paa la slopu ndogo kama hilo, pale bati linapopanda juu ya bati jingine, kuna kitu kinaitwa butili, tepu laini ya kunata kama ubani uliotafunwa, inakaa katikati ya bati mbili na haikauki miaka. Hiyo ndo sahihi kwenye mpishano, silikoni pale ni kulazimisha tu. Inawekwa upande wa juu wa mpishano, karibu na skrubu. Usizibe mdomo wa chini wa bati kwa nje. Maji yana tabia ya kupanda kati ya bati mbili zilizobanana, yananyonywa kama mafuta ya taa kwenye utambi, ukiziba mdomo wa chini yakishaingia hayatoki, yanakaa humo yanatengeneza kutu taratibu na wewe uko chini unasema paa langu nimeliziba lote.

Misumari sasa. Nusu ya simu ninazopigiwa za "paa linavuja fundi njoo na silikoni" ni misumari. Papi (mbao inayoshika misumari ya bati) imekauka, msumari umepanda, upepo wa huku mnaujua, bati linapigwa juu chini, tundu linapanuka, raba imepasuka na jua. Kupaka kidonge cha silikoni juu ya kichwa cha msumari unaocheza ni kazi ya wiki mbili. Ng'oa, weka skrubu nene zaidi yenye raba yake, kaza mpaka raba ianze kutokeza kidogo pembeni na uache. Ukikaza mpaka raba imepasuka umetengeneza tundu jipya kwa hela yako.

Kuhusu maji ya kunywa, huku mvua ya mwaka mzima ni milimita 500 na kidogo hadi 600 na karibu yote inaanguka kati ya Desemba na Aprili, watu wanakinga kila tone, kwa hiyo gata ni chombo cha jikoni tayari. Tafuta dawa ambayo mtengenezaji ameandika inafaa kwa maji ya kunywa ikishakauka, epuka zile za kuzuia ukungu za bafuni maana zina sumu ya kuua fangasi, acha ikauke kabisa wiki nzima, na mvua ya kwanza iache ipite chini isiingie tankini, hata hivyo inakuja na vumbi la miezi saba na kinyesi cha njiwa.

Siku ya kupaka yenyewe. Vumbi letu jekundu ndo adui namba mbili baada ya siki, linakaa kwenye bati hata kama hulioni, pitisha kidole utaliona. Brashi ya waya kwa taratibu usichubue zinki, kitambaa kikavu, kisha kitambaa chenye spiriti, subiri kikauke. Petroli na dizeli zinaacha mafuta, usitumie. Anza kama saa mbili au saa tatu asubuhi umande ukishakwenda na bati halijawa kikaango, ukipaka mchana bati likiwa linaunguza mkono dawa inatoa mapovu na inakauka ngozi ya juu kabla haijashika chini. Angalia tarehe ya tyubu, nyingi zina maisha ya mwaka mmoja tu zikiwekwa pa baridi, na tyubu iliyokaa miezi kwenye duka la bati bila dari haijakaa pa baridi. Ukiibonyeza ikiwa ngumu au ikitoka na maji maji pembeni, imekufa hiyo. Halafu vumilia, dawa hizi zinakauka kwa kunywa unyevu wa hewa, kama milimita 2 au 3 kwa siku kwenye hewa ya kawaida, na Septemba, Oktoba hapa hewa haina unyevu wa kumpa mtu, kwa hiyo mstari mnene unaweza kuchukua siku nne tano mpaka moyo wake ukauke.

Ile gata ya mama nilirudi nikaikwangua yote, vipande viwili nikavibadili kwa hela yangu, nikapishanisha upya na neutral katikati, nikaweka na mwinamo vizuri, milimita 3 hadi 5 kila mita, maana hata huo sikuupima mara ya kwanza. Baada ya wiki nikaziba mdomo wa bomba la kushushia kwa tambara, tukajaza ndoo za maji kwenye gata mpaka juu, mama akaleta kigoda akakaa chini ya ungio la tatu na kitambaa cheupe amekitandaza chini. Nusu saa nzima. Hakusema kitu, mi niko juu ya ngazi jasho linanitoka, kisha akainama akakipapasa kile kitambaa kwa kiganja, akakikunja, akaingia nacho ndani kunitengea chai.